Mfanyakazi amemlalamikia mtoto wa dada yangu, na mwajiri ni mimi

BARUA

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mama wa miaka 43, nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Dar es Salaam. Nilianza na oveni moja ya mkaa uani kwangu. Leo nina wafanyakazi 14, na kwa usiku mmoja tunatoa mikate kama 900. Saa kumi na moja alfajiri maguta na bajaji ziko getini zinasubiri mzigo. Namshukuru Mungu.

Msimamizi wa shifti ya usiku ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Ananiita mama mdogo, nimemlea tangu akiwa darasa la tano, na funguo za stoo anakaa nazo yeye. Ni mchapakazi, hilo silifichi. Mdomo wake ni mkali, na hilo pia nalijua.

Mwisho wa mwezi uliopita alihesabu stoo akakuta shoti ya mifuko 7 ya unga wa ngano, ile ya kilo 50. Kwa bei niliyonunulia ni shilingi 560,000. Akaniambia nimwachie yeye alishughulikie, nikamwachia. Akaigawanya shoti kwa wafanyakazi watano wa usiku, kila mmoja akakatwa 112,000 kwenye mshahara wa 280,000, na akawaandalia karatasi ya kusaini kwamba wamekubali. Wanne walisaini. Wa tano, mama mmoja anayefunga mikate kwenye mifuko, aligoma. Alisema stoo haingii, kazi yake inaanza mkate ukishapoa, sasa asaini deni la unga kwa lipi? Akakatwa hivyo hivyo, na nasikia alitukanwa matusi ya nguoni mbele ya vijana walio sawa na watoto wake.

Siku mbili baadaye alinisubiri getini akanipa barua. Karatasi imechanwa kwenye daftari la shule la mwanawe, imekunjwa mara nne. Mzee wangu, hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nawahi benki, niliipitisha macho tu. Jioni nikampa yule kijana, nikamwambia, "Hebu soma, uniambie kuna nini huko." Kesho yake usiku, kabla kazi haijaanza, aliwapanga wote karibu na mashine ya kukandia akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, akamalizia, "Mchochezi wetu ndiye huyu." Watu wakakaa kimya. Yule mama akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya kufungia mikate, akatoka. Leo ni siku ya tatu hajaja.

Sasa kijana anataka nimwandikie barua ya kumfukuza kwa utoro. Dada amenipigia saa nne usiku analia, eti damu nzito kuliko maji, nisimwaibishe mwanawe kwa ajili ya mtu wa kupita. Wale wanne waliosaini nao wameanza kunong'ona kwamba wanataka pesa yao, na mmoja ametamka neno CMA, ile tume ya migogoro ya kazi. Mimi sijawahi kupelekwa popote. Nikirudisha pesa, si nitakuwa nimetangaza kwamba mwanangu ni mwongo? Nisiporudisha, nitakaa nao vipi? Na yule mama, kusema kweli, kwa miaka sita hajawahi kunikosea. Nielekeze niamue kwa haki, maana usingizi umenitoka.

Mama wa Mikate,
Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole sana.

Nianze na linaloweza kuharibika leo. Usisaini barua ya kumfukuza mtu, hata ukiletewa imechapwa vizuri, hata ukiambiwa ndio utaratibu. Yule mama hakutoroka kazi. Aliondoka mbele ya macho ya watu baada ya barua aliyokukabidhi wewe kusomwa hadharani. Kabla ya kuita kutokuja kwake utoro, lazima mtu amuulize kwa nini haji, na katika siku hizi tatu sioni kwenye barua yako aliyemuuliza. Ukimfukuza leo, kesho utatakiwa kuonyesha mambo mawili: kwamba ulikuwa na sababu halali, na kwamba ulifuata utaratibu wa haki. Kwa sheria yetu mzigo wa kuthibitisha hayo ni wa mwajiri, haumwangukii mfanyakazi. Na wewe mkononi huna hata moja kati ya hayo mawili.

Nakwambia hivi nikiwa na jambo moyoni. Nimekuwa afisa utumishi zaidi ya miaka ishirini, na kisa kinachonirudia mpaka leo ni cha mwaka wangu wa pili kazini. Kulikuwa na mlinzi aliyetuhumiwa kuachia mali itoke getini usiku. Tukamwita kwenye kikao ajitetee. Feni ya darini ilikuwa inazunguka kwa kasi, karatasi zilizokuwa mbele yangu zikapeperuka, moja ikaanguka miguuni pake. Akainama kuniokotea, na kabla hajanipa akaliona jina lake. Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi, imeshachapwa na kupigwa muhuri, na ina tarehe ya siku ile ile. Yeye alikuwa hajafungua mdomo. Akaiweka mezani taratibu, akarudi kukaa, na tulipomwambia ajitetee akasema, "Endeleeni tu, wakubwa zangu."

Barua ile niliiandaa mimi. Baadaye, kwa wenzake, nikaja kujua kwamba alikuwa na la kusema: geti usiku ule lilifunguliwa kwa amri ya mtu mwingine. Hatukulisikia kwa sababu tulikaa kumsikiliza huku tumeshaamua. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Tangu siku ile, kila nikiliona neno "ukamilifu" namkumbuka mlinzi yule ameinama na karatasi mkononi.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo huhitaji kungoja uchunguzi wowote. Rudisha. Rudisha kwa wote watano, wiki hii hii.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimkatazi mwajiri kabisa kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara, ila imeweka masharti, na yote lazima yatimie. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea akiwa kazini, na iwe imetokana na kosa lake yeye. Mwajiri awe amemweleza kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na hesabu yake, na kumpa nafasi ya kutosha ya kuvipinga. Kiasi kisizidi hasara yenyewe. Na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu.

Pima yako. Robo ya 280,000 ni 70,000. Wewe umekata 112,000, yaani hapo tu umevuka kwa 42,000 kila mtu. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni lile la kosa la nani. Kijana alipoigawanya shoti sawasawa kwa watu watano, alikuwa anakiri kwamba hajui ni nani kati yao aliyeisababisha. Kama angejua, angemtaja huyo mmoja. Kwa hiyo wanne au watano wamelipia kitu ambacho hakuna aliyethibitisha kwamba wanakihusu, akiwemo mama ambaye kazi yake inaanza mkate ukishapoa.

Utaniambia wanne walisaini. Walisaini mbele ya nani? Mbele ya mtu anayepanga shifti zao na kuamua nani arudi kesho. Na hata kama saini hizo zilikuwa za hiari kabisa, saini peke yake haitoshi, maana yale masharti mengine hayakutimizwa. Na yule aliyegoma, kwake hata hiyo saini huna.

Umeuliza kama kurudisha pesa ni kumtangaza kijana kuwa mwongo. Hapana. Unatangaza kwamba pesa ilikatwa kabla mtu yeyote hajaulizwa. Inawezekana kabisa mifuko 7 ilipotea kweli na kijana alihesabu sawasawa. Hilo bado hatujalijua, wewe wala mimi. Walipe kwa njia ile ile unayolipia mshahara, na kwenye hati ya malipo iandikwe wazi kwamba ni makato ya mwezi fulani yamerudishwa. Usiwape mkononi kimyakimya kama zawadi. Ni haki yao inarudi.

Kuhusu unga wenyewe, niruhusu nikupeleke stoo kidogo. Kabla ya kumtuhumu mtu kwa wizi, kagua mzani. Umesema mnatoa mikate 900 kwa usiku. Tuseme donge la mkate wenu linatakiwa kuwa gramu 500, na mzani umelegea au mpimaji ana haraka, kila donge linatoka na gramu 20 za ziada. Ndani ya hizo gramu 20, unga ni kama gramu 12, kinachobaki ni maji, sukari na mafuta. Gramu 12 mara mikate 900 ni kilo 10 na ushei kwa usiku mmoja. Kwa siku 30 ni kilo 324. Hiyo ni zaidi ya mifuko 6, na shoti yako ni mifuko 7. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema mtu anaweza kukatwa mshahara kwa unga ambao wateja wako wameula, na hakuna aliyeiba hata kijiko. Chukua madonge ishirini usiku huu huu, uyapime kwa mzani mwingine. Angalia pia stakabadhi za mzigo uliopokelewa, kama mifuko ilihesabiwa wakati inashushwa au dereva alisema tu idadi mkaandika.

Na katika uchunguzi huo kijana wako hawezi kuwa mchunguzi. Silisemi hili kwa ubaya. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda: aliyeshika funguo ni yeye, aliyehesabu ni yeye, aliyetuhumu ni yeye, aliyeamua ni yeye, aliyekata ni yeye, na malalamiko yalipokuja ya kumlalamikia yeye, yakapelekwa kwake. Hata angekuwa mtu mwaminifu kuliko wote mjini, hakuna ambaye angemwamini kwa mpangilio huo. Mwenye funguo ni miongoni mwa watu wa kuulizwa, sawa na wengine.

Hapa nakuomba utenganishe mafaili. Una mambo mawili tofauti na yote yamemwagwa kwenye beseni moja. La kwanza ni shoti ya unga. La pili ni malalamiko ya yule mama: kwamba alikatwa bila kukubali, kwamba alitukanwa, na sasa limeongezeka la tatu ndani yake, kwamba barua yake ilisomwa hadharani na akaitwa mchochezi. Ukiyachanganya, matusi yatafunikwa na unga. Mtu atasema, "Ndiyo, alimtukana, lakini si unga ulipotea?" Hata kama magunia mia yangepotea, mama mtu mzima hatukanwi matusi ya nguoni kazini.

Hili la lugha halikuanza leo. Mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 15, ulikataza viongozi kuwa na majivuno, kudharau watu na kuonea. Wafanyakazi wa viwandani miaka ile walikishika kifungu hicho barabara, kuna mahali waliacha mashine zikiwa zimesimama kwa sababu ya meneja mwenye matusi. Baba yangu alikuwa kiwandani wakati huo, na alikuwa akinihadithia kwamba mshahara mdogo uliwaumiza, lakini kilichowafanya wasimame ni kuitwa majina. Naamini yule mama yako angeweza kuvumilia mwezi mmoja wa kukatwa. Soma tena ulivyoniandikia: aproni aliivua siku barua iliposomwa.

Nani asikilize malalamiko haya? Kijana hawezi, hilo limekwisha. Na wewe pia, binti yangu, usiwe mwenyekiti. Wewe ni mama mdogo wake, na wewe ndiye uliyempa barua. Kanuni zetu za utendaji bora za 2007 zinataka anayeongoza kikao cha nidhamu awe mtu wa ngazi ya juu vya kutosha ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Kwenye kampuni kubwa watu wa aina hiyo wanapatikana. Kwenye kiwanda cha watu 14 watu hukwama hapo, wakaamua basi bosi afanye mwenyewe. Wewe tafuta mtu wa nje: mhasibu anayekufungia mahesabu, mwalimu mstaafu, mfanyabiashara mwenzako anayeheshimika. Asiwe ndugu, asiwe anayekudai wala unayemdai. Wape pande zote mbili jina lake kabla hujamteua, na yeyote akimkataa kwa sababu ya maana, tafuta mwingine. Kisha mwandikie barua fupi kwamba unamwomba asikilize, aandike alichokikuta na apendekeze, na kwamba wewe hutaingilia. Ukishaandika hivyo, kweli usiingilie, hata dada akipiga saa nane usiku.

Mtu huyo amsikilize yule mama peke yake kwanza, taratibu, na aandike maneno yake kama alivyoyasema. Matusi yaandikwe yalivyotamkwa, hata kama yanachafua karatasi. "Alinitolea lugha isiyofaa" haimsaidii mtu kuamua chochote. Kisha awasikilize waliokuwepo, mmoja mmoja, mahali ambapo kijana hapaoni. Umeniandikia kwamba barua iliposomwa watu walikaa kimya. Ukimya ule usikudanganye kwamba hawakuwa na la kusema. Kama kuna wanaoogopa, wahakikishie kwa maandishi kwamba hakuna atakayeguswa kwa kusema aliyoyaona, na ratiba ya shifti kwa kipindi hicho apange mtu mwingine.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana naogopa ukitoka hapa utaenda kumtimua kijana ili watu waone kwamba wewe ni mwenye haki. Huko kutakuwa kuonea kulekule, mtu tu ndiye atakayekuwa amebadilika. Uchunguzi ukionyesha ana la kujibu, naye ni mfanyakazi wako na ana haki zote. Apewe tuhuma kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa: siku gani, maneno gani, mbele ya nani. Apewe muda wa kujiandaa, na kanuni zinasema kwa kawaida usipungue saa 48. Aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama yupo. Asikie ushahidi, aulize mashahidi maswali, alete wa kwake. Akionekana ana kosa, apewe nafasi ya kueleza yanayoweza kumpunguzia adhabu, na aelezwe uamuzi pamoja na sababu zake na kwamba anaweza kukata rufaa. Kosa la kwanza kwa kawaida halimfukuzishi mtu, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba hamwezi tena kufanya kazi pamoja. Pengine litaishia kwenye onyo la maandishi na kuondolewa usimamizi. Pengine itakuwa zaidi. Mimi siamui nikiwa hapa, sijamsikia.

Lipo moja ambalo si la kungoja kikao: funguo za stoo. Azikabidhi leo, kwa maandishi, na stoo ihesabiwe mbele ya watu wawili. Mwambie si adhabu. Inamlinda na yeye, maana shoti ikitokea tena katikati ya uchunguzi hakuna atakayemnyooshea kidole.

Kwa dada yako, usijibizane naye kwenye simu usiku. Nenda kwake mchana, ukae mkekani, umwambie hivi: "Dada, sijamfukuza mwanao na sijamhukumu. Atasikilizwa, na atapewa zaidi ya alichompa yule mama." Akisema yule ni mtu wa kupita, mkumbushe kwamba ni miaka sita anafunga mikate inayolipa ada za watoto wenu. Damu nzito, sikatai. Lakini kijana huyu atakuja kufanya kazi mahali ambapo hakuna mama mdogo, na huko atakwenda na mdomo alionao leo.

Kuhusu CMA, punguza hofu. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi si polisi, na mfanyakazi kutaja jina lake si uchochezi. Ni chombo kilichoundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kwa kazi hiyo hiyo. Shauri likifika huko kwanza mnakalishwa na msuluhishi mtafute maelewano, na usuluhishi umewekewa siku 30. Ikishindikana ndipo linakwenda kwenye uamuzi. Anayelalamikia kuachishwa kazi anatakiwa kupeleka shauri ndani ya siku 30, na kwa madai mengine, kama hili la makato, ni siku 60. Ningekuwa wewe, ningewaambia wafanyakazi mwenyewe kwamba mlango huo upo na siku zake ndizo hizo. Mwajiri anayeficha hilo ndiye anayepelekwa kwa hasira. Na yule aliyetamka CMA asiguswe, asihamishiwe shifti mbaya, asiulizwe "nani kakutuma?"

Baadaye, mambo yakitulia, amueni pamoja malalamiko yapelekwe wapi. Mimi napendelea watu wawili wa kuyapokea, mwanamke na mwanamume, mmoja wao asiwe na undugu na wewe. Anayeleta malalamiko aandikiwe siku ile ile kwamba yamepokelewa, na ndani ya wiki aambiwe yamefikia wapi. Na barua ya mtu isipewe anayelalamikiwa. Kuna wakati atalazimika kuambiwa kilichosemwa ili ajibu, lakini huambiwa tuhuma, tena na anayesikiliza shauri. Hakabidhiwi karatasi jioni aende nayo nyumbani.

Limebaki la yule mama, nami ningekuomba ulifanye kesho, kabla hata hujampata mtu wa kusikiliza. Nenda kwake mwenyewe. Usimtume mtu, usimpigie simu umwambie aje ofisini. Kama anaona vigumu kukupokea ndani, zungumzeni barazani. Mwombe radhi kwa lile lako tu: kwamba alikuamini na barua, ukaitoa. La kijana usilitetee wala usilihukumu, mwambie litasikilizwa na nani na lini. Mwambie makato yamerudi, na siku hizi tatu hazihesabiwi utoro, utamlipa, maana sisi wenyewe ndio tuliomfanya ashindwe kuja. Muulize angependa arudi shifti ipi wakati shauri linasikilizwa, na asihamishwe bila ridhaa yake, isije ikaonekana aliyelalamika ndiye aliyeondolewa. Muulize pia kama angetaka uwaambie wenzake, pale pale karibu na mashine ya kukandia, kwamba kusomwa kwa barua ile lilikuwa kosa lako na kwamba yeye si mchochezi. Akisema ndiyo, waambie, wote 14 wakiwepo. Akisema hapana, amechoka kutajwa, heshimu hilo.

Na uende na aproni yake. Ifuliwe kwanza, ipigwe pasi. Usimwambie aivae. Mpe tu, ikae kwake mpaka aamue.

Mzee wako wa safu hii